Uzoefu wangu na klabu ya picha Mbeya: mlima mzuri peke yake haukupi ushindi

Nimekuwa mwanachama wa klabu ya picha hapa Mbeya kwa muda wa kutosha kuijua vizuri, na kila ninapoulizwa kama inafaa, jibu langu ni ndiyo, kwa sababu moja kubwa: mashindano yake ya kila mwezi. Safari zao nazipenda na mafunzo yao yamenisaidia, lakini pale mezani, picha zikiwa zimepangwa bila majina na majaji wakizipitia moja moja, ndipo jicho langu lilipofunguka.

Sisi wa nyanda za juu tuna neema ambayo kwa mpiga picha ni mtihani. Ukitoka mlangoni asubuhi unaiona Loleza, mita 2,656, na wingu limekaa kifuani pake. Ukishika njia ya Tukuyu kuna migomba, mashamba ya chai na mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Ukifika Matema unakutana na Ziwa Nyasa huku milima ya Livingstone imesimama ubavuni. Hata mtu aliyeshika simu kwa mara ya kwanza atapata kitu cha kuwatumia ndugu zake wa Dar wakakisifia. Kwa hiyo kila mwanachama ana mlima mzuri, na kila mwezi kwenye kundi la mandhari inaletwa milima mizuri mingi, na mingi inarudi nyumbani bila alama za maana. Swali la majaji huwa moja: wewe umeongeza nini hapo?

Utaratibu wenyewe uko hivi. Unaleta picha iliyoprintiwa, saizi ya A4, nyuma ina namba tu. Katibu ndiye pekee mwenye daftari la majina. Majaji ni watatu, na kila mmoja anaandika alama zake kimya kimya kabla hawajazungumza, ili mmoja asimvute mwenzake. Alama zikishakusanywa ndipo maongezi yanaanza, na hapo ndipo ada yako inapolipa. Kila picha inasemewa, hata iliyoshika mkia. Hakuna kuambiwa "hongera, picha nzuri" halafu basi. Utaambiwa anga limeungua kwa mwanga kuzidi, jicho halina fokasi, ule mti wa nyuma unaonekana kuota kichwani kwa bibi, na utaonyeshwa kwa kidole.

Nitoe mfano mmoja. Mada ya mwezi ilikuwa kazi. Mwenzetu mmoja alileta picha aliyopiga alfajiri kwenye soko la viazi: vijana wanashona lumbesa, lile gunia lililojazwa mpaka likaota nundu. Picha ilikuwa kali, rangi zimetulia, wengi tuliipenda. Jaji mmoja, mama ambaye amefanya kazi ya studio miaka mingi, akatoa vipande viwili vya manila vilivyokatwa kama kona ya fremu. Akaviweka juu ya picha, akaanza kuvisogeza taratibu. Akaficha lori. Akaficha kijana wa kushoto aliyekuwa anaangalia kamera. Akaficha nusu ya gunia. Ikabaki mikono miwili, sindano kubwa ya kushonea magunia, uzi wa katani uliokazwa hadi vidole vimebadilika rangi, na vumbi la udongo mwekundu kwenye kucha. Ukumbi mzima ukanyamaza, kisha mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe picha ilikuwa humo ndani." Mwenye picha alipata nafasi ya tatu siku hiyo. Mwezi uliofuata alirudi sokoni, akasogea karibu, na kilichokuja mezani kilikuwa kitu kingine kabisa.

Vile vipande vya manila sasa kila mmoja wetu anavyo nyumbani. Kata viwili vyenye umbo la kona, viweke juu ya picha yako mwenyewe, visogeze mpaka uone kinachobeba picha. Ni somo la bure na halihitaji kompyuta.

Wanazingatia uaminifu pia, na hili linanipa imani na matokeo. Kuna kundi la ubunifu ambalo unaruhusiwa kuunganisha picha na kubadilisha utakavyo. Kwenye mandhari na viumbe hai huruhusiwi kuongeza wala kuondoa kitu. Unaweza kurekebisha mwanga, rangi na kukata kingo tu, na majaji wakiwa na shaka watakuomba faili ghafi kutoka kwenye kamera. Kuna mwezi ililetwa picha ya Loleza iliyopigwa kutoka mjini, na mwezi mpevu, mkubwa, umekaa begani mwa mlima. Ilivutia sana. Jaji akauliza swali dogo tu: mpiga picha alisimama upande gani? Mlima uko kaskazini mwa mji. Hapa kwetu mwezi huchomoza mashariki na kuzama magharibi, na ukipita upande wa kaskazini unakuwa juu sana angani. Haushuki kukaa begani mwa mlima ulio kaskazini yako. Picha ikahamishiwa kundi la ubunifu, jina halikutajwa, na sisi wengine tukapata somo la anga ambalo sikulitegemea kwenye mashindano ya picha.

Safari ni za kila baada ya muda, kutegemea msimu na mifuko ya watu. Iliyonifundisha zaidi ni ya Ziwa Ngozi. Unashukia Isongole kwenye barabara ya Tukuyu, unatembea, kisha unapanda ndani ya msitu hadi ukingo wa kreta. Tulipofika juu ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, ziwa halionekani kabisa. Nilidhani safari imeharibika. Kiongozi wetu akatuambia tugeukie msitu. Akaeleza kwamba kamera hupima mwanga ikichukulia kuwa kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ikikutana na ukungu mweupe inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na picha inatoka na rangi ya majivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga wewe mwenyewe, hatua moja au moja na nusu, kwenye kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Hata simu nyingi zinakuruhusu: gusa kioo, vuta kijua kile kwenda juu. Miti iliyokuwa imefifia ikatoka myeupe na laini, kila tabaka likijitenga na lililo nyuma yake. Ukiishi Mbeya au Tukuyu, maarifa haya utayatumia mwaka mzima.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, inayojulikana kwa maua yake, ni habari nyingine. Maua yenyewe ni ya kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo unakwenda na mvua, na ukipitia Chimala unapanda zile kona 57 hadi Matamba ukiwa umeshikilia begi la kamera mapajani. Hifadhi ilitangazwa 2005, na wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla ya hapo. Kuna aina 45 za okidi, na nyingi ni fupi kuliko unavyofikiria. Utalala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa. Upepo wa uwandani hautulii, kwa hiyo ua linacheza muda wote. Tulifundishwa kupandisha kasi ya kamera ya kunasa picha hadi 1/250 ya sekunde au zaidi, na mwenzako akukingie upepo kwa mwili wake, si kwa kukanyaga maua ya jirani. Klabu ina sharti ambalo naliunga mkono kwa moyo wote: ukipata okidi adimu, hutaji mahali ilipoota, na unafuta alama ya mahali kwenye faili kabla ya kuituma popote. Viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa kwa wingi kwenye nyanda hizi na kuvushwa kwenda Zambia, vinakotengenezewa chakula cha chikanda. Picha yako isiwe ramani ya mchimbaji.

Kuna jioni za mafunzo pia. Zipo za kawaida, za kueleza lenzi na kasi, ambazo mtu wa kamera atakuwa anazijua. Ila ile ya studio za Mali sitaisahau. Tulionyeshwa kazi za Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, na Malick Sidibé, ambaye mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mpiga picha wa kwanza kupewa heshima hiyo. Keïta alitundika kitambaa chenye maua nyuma ya mteja aliyevaa nguo yenye maua, na bado sura ya mtu ndiyo inayoshika jicho. Wiki iliyofuata tulitundika vitenge karibu na dirisha, bila taa yoyote, tukapigana picha. Kundi la watu na maisha mwezi ule lilikuwa na ushindani ambao sijauona tena. Vitenge tunavyo, madirisha tunayo, na wazee wenye sura zilizojaa maisha tunaishi nao.

Kwa upande wa ruhusa, hapa klabu inarahisisha mambo sana. Mpiga picha peke yake sokoni Mwanjelwa ataulizwa kila hatua ametumwa na nani. Ukiwa na barua ya utambulisho, uongozi wa soko unakupa mtu wa kutembea naye. Kijijini unaanza kwa mwenyekiti, unasaini kitabu cha wageni, unaeleza nia. Droni haipandi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa stesheni ya TAZARA au daraja lolote kubwa, unaomba kwanza. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 wamekuwa makini zaidi na picha za watoto: bila mzazi kukubali, haiingii kwenye shindano. Na kuna desturi ninayoithamini kuliko kombe lolote. Mtu uliyempiga picha ikashindanishwa, unampelekea nakala. Mama mmoja muuza ndizi alipopewa yake aliifunga kwenye khanga, akaniambia, "Mwanangu, leo umenitendea haki, wengine wote wanapiga na kuondoka."

Gharama: ada ya mwezi ni ndogo, chini ya kilo moja ya nyama. Kinachouma ni kuprinti. A4 nzuri si bei ya picha ya pasipoti, na mashine nyingi za studio hujiongezea rangi, nyasi zinatoka kijani cha rangi ya ukutani. Waambie kabla: wasiguse rangi, wasiguse mwanga. Chagua karatasi isiyong'aa, kwa sababu taa za ukumbi zinaakisi na jaji haoni kitu. Haki ya picha inabaki yako, kanuni zao zinasema hivyo waziwazi. Hili likague kwenye shindano lolote utakaloingia, maana nimeona mengine ambayo ukishawasilisha tu, picha inakuwa yao milele.

Sasa kero zangu, ambazo nimeshazisema kwenye kikao. Mikutano ni Jumamosi mchana. Wapiga picha wenye uzoefu mkubwa mjini hapa wanakula kwa harusi, sendofu na kipaimara, na Jumamosi ndiyo siku yao ya kazi. Tunawakosa watu ambao wanajua kushika mwanga ukumbini kwa sekunde mbili huku bibi harusi anatembea. Tunabaki wafanyakazi wa ofisi na wanafunzi, na inaonekana kwenye picha: mandhari nyingi, watu wachache. Jumatano jioni ingewaleta. Ila nayo iishe mapema, kwa kuwa dada zetu wanaokaa Uyole na Iyunga hawawezi kusubiri daladala za usiku.

Ya pili, simu na kamera zinashindana kundi moja. Kwenye mwanga mzuri sina shida na hilo, simu imeshashinda mara kadhaa kihalali. Lakini mada ikiwa usiku au ndege wa mbali, mwenye simu anaingia uwanjani akiwa ameshashindwa. Mada hizo zitenganishwe.

Ya tatu ni kundi la WhatsApp. Picha zikitumwa kule zinabanwa, zinapoteza ukali, halafu watu wanazikosoa kwa makosa ambayo hayapo kwenye faili. Tumeni kama dokumenti.

Kwa anayekuja mara ya kwanza: usije na mlima. Njoo na picha tatu za A4, bila jina mbele wala saini pembeni, na angalau moja iwe na mtu anayefanya jambo. Mada ya mwezi ujao ni mvua, na huku kwetu ndiyo kwanza zimeanza, kwa hiyo beba mfuko wa nailoni wa kufunikia kamera na kitambaa cha pamba cha kufutia lenzi. Wasipokupa maksi nyingi, baki mpaka mwisho wa maongezi, kisha mfuate jaji umuombe akuwekee manila juu ya picha yako. Hakuna niliyemuona akikataliwa.