Kamera ya Japani au ya Thailand? Tano za kazi, kuanzia ya kununua hadi ya kuacha

Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, muuzaji wa kamera zilizotumika huigeuza bodi, yaani kamera bila lenzi, chini juu, akakuonesha kibandiko na kusema, "Kaka, hii ni Made in Japan, si hizi za Thailand." Bei inapanda palepale. Kwa kijana anayetafuta kamera ya kazi, ya harusi, sendofu na vipaimara, nyongeza hiyo inaweza kula hela ya lenzi ya pili. Naona ni hasara ambayo haina sababu.

Kibandiko kinakuambia bodi ilikamilishiwa wapi kuunganishwa. Nani aliibuni, sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha) imetoka wapi, ilikaguliwa kwa kiwango gani, hayo hakikuambii. Nikon Z9, iliyotoka mwaka 2021 kama kamera ya juu kabisa ya kampuni hiyo kwa dola 5,499, inaunganishwa Thailand. Upande wa pili, sensa nyingi zilizomo ndani ya kamera za Thailand na China zinatengenezwa na Sony huko Japani. Tetemeko la Kumamoto la Aprili 2016 liliposimamisha kiwanda kimoja cha sensa, makampuni mengine ya kamera nayo yaliguswa.

Dhana kwamba ya Japani ndiyo bora ina chanzo chake. Kwa miaka mingi makampuni ya Kijapani yalibakiza bidhaa ghali nyumbani, za bei nafuu yakazipeleka nje. Shika lenzi ya Canon 50mm f/1.8 ya Malaysia, nyepesi, ya plastiki, kisha shika 24-70mm f/2.8L ya Japani, nzito, imezibwa isiingie vumbi. Utasema Malaysia hawajui kazi. Kumbe umeshika lenzi mbili za bei tofauti kabisa, na ile ya Malaysia ingekuwa ya plastiki hata ingeunganishwa Tokyo. Isitoshe, miaka ya 1950 Japani yenyewe ndiyo iliyodharauliwa, watu wakitaka kamera ya Mjerumani tu. Mwaka 1954 Wajapani walianzisha taasisi ya kukagua kamera za kuuza nje, na zilizofaulu zikabandikwa kile kikaratasi cha dhahabu ambacho bado utakikuta kwenye kamera za zamani. Ukaguzi ulichangia sana kujenga jina lao, na ukaguzi unaweza kufanywa popote.

Hata kasoro kubwa hazikuchagua nchi. Mwaka 2012 Nikon ilitoa D800 kutoka Sendai, Japani, na D600 kutoka Thailand. D800 nyingi zikalalamikiwa kwa fokasi (kulenga picha iwe kali) ya upande wa kushoto, D600 ikajaa madoa kwenye sensa hadi nafasi yake ikachukuliwa haraka na D610 mwaka uliofuata.

Sasa kamera zenyewe, kwa mtu wa kazi.

Ya kwanza ni Sony A7 III ya mwaka 2018, nyingi zikiwa za Thailand. Ina megapikseli 24, nafasi mbili za kadi, na betri iliyopimwa picha 710 kwa chaji moja. Kwenye harusi inayoanza kanisani asubuhi na kuishia ukumbini usiku wa manane, betri na kadi mbili ni uhai wako. Inashika jicho la bibi harusi vizuri, na inafanya kazi kwenye mwanga hafifu wa ukumbi bila kukutesa. Ila angalia jambo moja, hasa wewe unayetafuta "ya Japani": A7 III zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani pekee. Washa kamera, ingia sehemu ya lugha. Kama hakuna Kiingereza, iache.

Ya pili ni Nikon D750, ya Thailand, ya mwaka 2014. Kwa mwenye mfuko mdogo hii ndiyo ningemwambia anunue kesho asubuhi. Nayo ina kadi mbili, na lenzi zake zilizotumika zimejaa sokoni. Ile 50mm f/1.8G ya China itakufanyia kazi kwa miaka. Shata (pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha) za baadhi ya D750 zilirudishwa kurekebishwa na Nikon wenyewe, kwa hiyo ingiza namba ya mashine kwenye tovuti yao kabla ya kutoa hela.

Ya tatu, Canon 5D Mark III, ndiyo Mjapani halisi kwenye orodha hii. Bodi ngumu, rangi za ngozi nzuri sana, na mafundi wengi wanaijua. Nimeiweka hapa kwa sababu ya umri: ilitoka 2012, na shata yake ilipimwa kwa mibofyo 150,000. Nyingi zilizopo sokoni zimeshapiga harusi za kutosha. Ukiipata iliyotunzwa, kwa bei ya D750, chukua. Ukiambiwa uongeze hela kwa ajili ya kibandiko, ondoka.

Ya nne, Fujifilm X100VI ya 2024. Mtangulizi wake, X100V, iliunganishwa Japani. Hii ikaanza kutoka China, na ubora wa picha haukushuka. Lakini lenzi yake haibadiliki, hivyo ni kamera ya safari na ya mtaani. Harusi itakushinda.

Ya tano ni Leica M11, ya Ujerumani. Ilianza kwa dola 8,995 na haina fokasi ya otomatiki. Leica ina kiwanda Ureno tangu miaka ya 1970, na kazi nyingi za vipuri vyake hufanyika huko kabla ya kukamilishwa Wetzlar, Ujerumani. Ni chombo kizuri mno kwa anayejua anachokitaka. Kwa kazi ya kulisha familia, hapana.

Ukifika dukani, chukua muda wako. Weka lenzi kwenye f/16, yaani tundu la mwanga likiwa dogo, piga ukuta mweupe au anga, kisha kuza picha utafute madoa ya sensa. Kwa Nikon, hesabu ya mibofyo ya shata inasomeka ndani ya picha yenyewe kwa programu ndogo ya bure. Halafu toa lenzi kwenye bodi na umulike tochi ya simu kutoka nyuma. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja unyevu ni adui mkubwa wa vioo, na fangasi huingia kwenye lenzi ya nchi yoyote ikiachwa kwenye begi lililofungwa. Ukiona nyuzi nyembamba zinatambaa kwenye kioo cha ndani, irudishe mezani, hata kama muuzaji ameanza kupunguza bei.