Suti ya Karume kwa ajili ya usaili

Usaili ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, nami sikuwa na suti. Jumamosi nikadamkia soko la mitumba la Karume, Ilala, jijini Dar es Salaam, kabla jua halijawa kali. Koti la bluu iliyokolea nililipata kwa shilingi 25,000, suruali inayoendana nalo 10,000. Kagueni vizuri, jamani: bitana ilikuwa imechanika kwapani na muuzaji alinyamaza. Cha kwanza ni mabega yakae sawa, maana kuyarekebisha ni kazi kubwa. Mikono na kiuno hupunguzwa kirahisi. Fundi cherehani wa pale jirani alifupisha mikono, akashona bitana, akapiga pasi, yote 8,000. Mshono wake hauonekani, mdogo kama wa kiwandani. Viatu niliazima kwa kaka. Mbele ya jopo koti halikunibana hata kidogo.