Fomu ya maswali 50 ya kifua: uzoefu wangu

TB nilimaliza dozi na makohozi yakapimwa, yakawa safi. Nilichobaki nacho ni makovu kwenye mapafu na njia za hewa zilizotanuka, kila kukicha makohozi yamejaa. Kliniki ilikuwa wimbo ule ule: toa makohozi, piga picha, "Huna TB mama, nenda nyumbani." Nyumbani naenda, lakini kilima cha kwangu hapa Mbeya nakipanda kwa kusimama mara nne.

Siku moja nesi akatoa fomu inayoitwa St George's. Ilitungwa London na Profesa Paul Jones na wenzake, ikachapishwa 1992, kwa wagonjwa wa pumu na wa mapafu yaliyoziba. Baadaye ikajaribiwa kwa wenye tatizo kama langu, ikafaa. Inagusa dalili, shughuli unazoziweza, na jinsi ugonjwa unavyokuingilia maisha. Alama ni 0 hadi 100, na 100 ndiyo hali mbaya kabisa.

Swali lililonimaliza ni la kuona aibu ukikohoa mbele za watu. Niliweka kalamu chini. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza! Nikikohoa kwenye daladala ya Uyole madirisha yanafunguliwa yote, hata Julai baridi ikiuma, na jirani wa kiti anajifunika kitenge puani. Kwaya niliacha mwenyewe. Nilimweleza nesi yote hayo, foleni ikanuna nje.

Kasoro zipo. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nesi akawa ananitafsiria papo hapo, na nina hakika mengine alijitungia. Halafu eti kifua kinanizuia kuzoa theluji? Kucheza gofu? Huku kwetu sakitu ya Kitulo tunaijua, theluji hapana. Ndoo ya maji kichwani haimo, moshi wa kuni haumo. Na sehemu kubwa ni ndiyo au siyo, wakati kifua changu kina siku zake.

Mara ya kwanza nilipata 62. Nikafundishwa mazoezi ya kupumua na kusukuma makohozi yatoke, asubuhi na jioni. Baada ya miezi mitatu nikajaza tena: 51. Daktari alisema hata kushuka kwa alama 4 kunahesabika. Picha ya eksirei ilikuwa vile vile, makovu hayafutiki, na zamani angeangalia hiyo tu akasema sijabadilika. Kumbe kilima sasa nasimama mara mbili.

Nyota nne kati ya tano. Ukiletewa, usijibu kishujaa. Mimi mara ya kwanza nilitaka kusema naweza kila kitu, nesi akanikazia macho.

Juzi nimeikuta fomu mpya mezani kwake. Penye theluji amekata kwa kalamu nyekundu, pembeni kaandika "ndoo". Sijui kama London wanaruhusu.