Hela ya ukarabati iliyozuiliwa eskro (yaani inashikiliwa pembeni mpaka kazi iishe), mimi yamenikuta

Jamani naandika hapa bado nina hasira. Nyumba niliyonunua iko Columbus, Ohio, huku Marekani, wenyewe wa mwanzo walishindwa kulipa mkopo ikaishia mikononi mwa HUD, wizara ya nyumba ya serikali, ikakaa tupu baridi zima. Imejengwa kabla ya 1978, kwa hiyo rangi ikibanduka tu wanahesabu ina risasi, ile metali yenye sumu, hita ya maji imekufa, ngazi za besimenti, chumba cha chini ya nyumba, hazina pa kushikia. Mkopo wangu ni wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali, nao unataka nyumba salama, so wakakadiria ukarabati dola 4,200, wakaongeza asilimia 10 juu, dola 4,620 zikaingizwa kwenye mkopo wangu zikawekwa eskro mpaka kazi iishe. Hapo sina neno, tena nilifurahi.

Balaa ni kwamba fundi halipwi mpaka inspekta aje aseme imeisha. Fundi wangu mzee wa kwetu Tanga, kaniamini, kanunua hita kwa kadi yake, kakwangua rangi kapaka upya. Inspekta kaja, kufika besimenti kashika ile mbao mpya ya kushikia ngazini kaitikisa, ikacheza kidogo, kasema bado. Skrubu moja! Mzee amesimama pale na drili mkononi anamwambia subiri nikaze sasa hivi, yeye huyoo kwenye gari. Na kurudi ni ada nyingine, nalipa mimi.

Nikawapigia waliotoa mkopo, dada mmoja ananijibu eti hiyo hela siyo yako mpaka sisi tuseme. Siyo yangu vipi wakati riba yake naanza kulipa mimi? Akanikatia simu. Wiki zinapita, mzee ananipigia kwa upole kabisa, "mwanangu mimi sikudai, ila kadi inanidai," yaani usiku ule sikulala kwa aibu.

Kwa hiyo msichukue huu mkopo. Ingawa nikisema kweli, bila huo nyumba ingebebwa na wenye keshi, na leo wanangu wanaoga maji ya moto. Basi chukueni, ila muwe na akiba ya kumlipa fundi nyie wenyewe kwanza... hapana, nikiikumbuka ile simu nasema sitaki tena hata nibembelezwe.

Mzee kalipwa mwishowe. Nikampelekea na bahasha ya riba ya kadi yake, akaikataa katakata, nikaiacha chini ya kikombe cha chai nikaondoka.