Kifurushi cha kulea njiti nyumbani: nimekitumia miezi mitatu, haya ndo maoni yangu

Mwanangu alizaliwa wiki ya 31 akiwa na kilo 1.4, na siku tunaruhusiwa kutoka wodini tukapewa kifurushi cha kufundishia wazazi, kijitabu cha picha, kadi ngumu za kubandika ukutani na video fupi za kuangalia kwenye simu. Nikajua ni vile vikaratasi vya kuishia kwenye droo, kumbe hapana jamani.

Kadi ya kupumua ndo iliyonivusha usiku wa kwanza. Aliyelea njiti anajua, mtoto anapumua harakaharaka halafu kimyaa, moyo unakudunda, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Kadi inakwambia akiwa ametulia shika saa uhesabu dakika 1 nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha, maana njiti hapumui kwa mpangilio. Zikifika mara 60 au zaidi unahesabu tena, zikibaki vilevile unampeleka hospitali. Kusimama sekunde 5 mpaka 10 halafu akaendelea mwenyewe ni kawaida yao, ila zikifika 20, au midomo ikianza kuwa ya bluu hata kabla ya hapo, hakuna cha kusubiri kukuche. Nilihesabu na tochi ya simu mara 3 usiku ule, ikaja 48, nikalala.

Nyingine nzuri ni picha za kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Wodini walinionyesha lakini akili ilikuwa haipo, nyumbani nikawa namfunga kitambaa kinaishia mabegani na kichwa kinamwangukia mbele, shingo imekunjamana. Kwenye picha ukingo wa juu wa kitambaa unapita chini kidogo ya sikio, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura, yuko na nepi, kofia na soksi tu. Nikarekebisha, akatulia siku hiyohiyo. Wanasema masaa 8 hadi 24 kwa siku, ndivyo hata Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka 2022.

Ila picha zote ni za mama tu! Mume wangu akajua hayamhusu, mpaka nesi alipomwambia kifua cha baba kinafanya kazi ileile ndo nikapata hata muda wa kuoga.

Kilichoniumiza kabisa ni jedwali la ukuaji. Limeandika miezi 2 mtoto anatabasamu, wangu miezi 2 imefika hana habari, nikalia sana, nikaanza kuwaza ubongo. Kumbe alizaliwa wiki 9 kabla, kwahiyo kiukuaji ndo kwanza alikuwa amefika siku aliyotakiwa kuzaliwa! Kijitabu kizima hakuna sehemu inayosema utoe hizo wiki, na hili ni kosa kubwa kwa kitu walichoandikiwa wazazi wa njiti. Na waeleze pia kwamba kwenye chanjo hutoi hizo wiki, zinafuata tarehe aliyozaliwa, maana kuna mzazi atachelewesha akidhani anafanya vizuri.

Ukipewa kifurushi hiki chukua na ukisome kabla hujatoka wodini wakati manesi bado wapo karibu wa kuwauliza. Cha kwangu nimeandika juu ya lile jedwali kwa peni nyekundu TOA WIKI 9, na juzi ana miezi 4 katabasamu.