Mbatata zipo Darajani

Nimengoja siku kadhaa nipoe ndiyo niandike maoni haya ya duka la ulevi na nyota zake, na bado sijapoa. Duka lenyewe silitaji. Liko mjini, na kwa Unguja maduka ya ulevi ni ya kuhesabu, anayelijua atalijua.

Nafanya kazi kaunta kwenye kihoteli cha Paje. Tulikuwa na mgeni, mzee wa Kipolandi, anayekunywa vodka kavu, bila barafu wala juisi. Tuliyokuwa nayo ni Absolut, ya ngano, na kwa kuchanganya na pasheni na tangawizi mimi siibadilishi. Mzee akaonja, akashukuru kwa adabu, akaacha nusu. Akauliza kama naweza kumpatia ya viazi.

Zipo. Ya viazi ni nzito mdomoni, kama ina mafuta kidogo. Ya rai, nafaka jamaa ya ngano, ina ukali wa pilipili manga. Ya ngano inateleza tu. Wanaosema vodka haina ladha wameizoea ya kutoka friza. Ubaridi unaficha kila kitu, hata ubovu.

Basi nikapanda daladala hadi mjini, jua la saa saba. Muuzaji yuko na simu, video, sauti juu kabisa. Nikasalimia. Kimya. Nikauliza, "Kaka, mna vodka ya viazi?" Hapo ndipo akainua uso, tena si kwangu, kwa mwenzake aliyekalia kreti: "Huyu anataka mbatata!" Kisha akanigeukia: "Mbatata zipo Darajani, sokoni. Hapa tunauza ulevi."

Wateja wawili nyuma yangu wakaangua kicheko. Nikajaribu kumwelewesha kwamba vodka si nafaka peke yake, hata Cîroc ya Wafaransa ni ya zabibu. "Kumbe unataka divai?" Nikamwambia sikuja kutaniwa, nataka kujua ipi imetokana na nini. "Vodka ni vodka bwana, zote zinalewesha." Akainama rafu ya chini, akatoa chupa yenye vumbi, maandishi Kipolandi kitupu. "Hii ya kwao. Chukua au acha."

Nikachukua, kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Akaizungushia gazeti, chenji akaitupa mezani, macho kwenye simu. Njia nzima nilikuwa nalitunga hili kichwani: nyota moja, na hiyo ni ya gazeti, maana ndani ya daladala lilinisitiri.

Jioni mzee akaigeuza chupa, akasoma nyuma, akaweka kidole kwenye neno moja: ziemniaków. Akacheka, akanitafsiria. Ya viazi! Akanywa, akafumba macho, akanilazimisha nami nionje. Jamani. Ilishuka kama maziwa, halafu ikawaka kifuani taratibu, bila kukwaruza koo. Tangu nianze kazi hii sijaonja vodka kama ile.

Sasa sijui nitoe nyota ngapi. Kama yule kijana alijua, alinifanya kichekesho mbele za watu huku chupa anayo miguuni pake. Kama hakujua, hajui anachouza. Nne basi, kwa ajili ya chupa? Hapana, chupa hakuitengeneza yeye. Mbili. Moja ya gazeti, moja ya lile vumbi lililoisubirisha hadi nifike.

Mzee anataka nyingine mbili kabla ya kuondoka, kwa hiyo Alhamisi nitakuwa pale pale. Salamu simpi.