Carina ya kilomita 287,000: nilivyotoka oili ya 20W-50 nikaingia 10W-40

Gari yangu ni Toyota Carina Ti, injini ya 5A. Siku naichukua hapa Tanga dashibodi ilisoma kilomita 287,000, na tangu hapo inapanda Lushoto kila wiki kufuata karoti na kabichi. Kwa hiyo haya ni ya gari ya kazi, si ile inayotolewa nje siku ya harusi tu.

Fundi wa kwanza, gereji moja Ngamiani, aliangalia namba ya kilomita akatoa hukumu palepale: "Dada, hii imezeeka, mpe 20W-50. Nzito ndiyo inaziba." Dumu la lita 4 lilinitoka shilingi 40,000. Nimetembea nayo miezi minne na sitaisingizia, injini haikufa, na kwa joto letu la pwani wako wengi wanaoitumia mwaka mzima bila shida. Kero yangu ilikuwa asubuhi. Ukiwasha, tapeti zinagonga ka-ka-ka-ka sekunde nne tano ndipo zitulie, kama mtu anayetafuta ndara gizani. Na kula oili iliendelea kula: lita nzima ndani ya kilomita 1,500. Sasa kuziba kwenyewe kuko wapi?

Halafu kuna moshi. Pale unapomaliza zile kona za kushuka kutoka Lushoto na kuifikia Mombo, barabara inanyooka, unakanyaga mafuta, na kioo cha nyuma kinajaa moshi wa bluu. Siku moja kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu alinipita huku ameziba pua kwa kola ya shati. Niliona haya, wallahi.

Nikampelekea mzee mmoja wa Makorora ambaye kazi yake ni injini tu. Nilipomweleza habari ya mteremko alicheka. "Mwanangu, ukishuka umeachia mafuta na gia imeshika, injini inanyonya kwa nguvu. Oili inapenya kwenye sili za valvu zilizokauka. Ukija kukanyaga, ndiyo inaungua." Akapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, zote nne zikawa karibu sawa, akasema ringi za pistoni bado zina uhai. Kisha akapitisha kidole chini ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, akanionyesha: oili mbichi, haijaungua wala nini. Oringi ya distributa imekufa, na gasketi ya kava la valvu nayo inavuja. Kumbe sehemu kubwa ya ile lita ilikuwa inadondoka barabarani, mimi nailaumu injini. Vile vipira viwili havikufika hata nusu ya bei ya dumu la oili.

Baada ya kuvibadilisha ndipo tukazungumza namba. Kitabu cha gari yangu kimeandikwa Kijapani, ninachoambulia humo ni tarakimu, na iliyomo ni 10W-30. Mzee alikuwa na kanuni moja: gari iliyochoka ipande ngazi moja, isirukie ya tatu. Namba ya mbele, yenye W, ni uzito wa oili wakati wa baridi, na W yenyewe ni ya neno la Kiingereza winter, majira ya baridi. Tanga, ambako hata usiku joto haliendi mbali chini ya nyuzi 20, namba hiyo haikuumizi kichwa sana. Ya nyuma ndiyo yenye kazi: ni mnato ukishafika nyuzi 100, injini ikiwa moto kweli kweli, mfano umepakia na uko katikati ya mlima. Ya 40 inaanzia pale 30 inapokomea. Kwa injini ambayo nafasi kati ya vyuma vyake imepanuka kidogo, ngazi hiyo moja inaongeza utando bila kuifanya pampu isukume uji.

Nilichukua 10W-40 nusu sinthetiki, ile iliyoandikwa kuwa ni ya magari yenye kilomita nyingi. Tofauti yake ni dawa inayolainisha sili za mpira na kuzivimbisha kidogo. Shilingi 65,000, na hapo ndipo nanung'unika. Dumu la kwanza niliuziwa kifuniko kikiwa hakina ile pete ya kukatika inayoonyesha dumu halijafunguliwa, nikalirudisha bila kugombana. Oili iliyojazwa upya kwenye dumu la zamani haina namba ya kuaminika.

Nimefika kilomita 301,000 na huu ni umwagaji wa oili wa tatu. Mlio wa asubuhi umebaki wa kitambo kidogo tu, ingawa siku ileile tuliweka na filta nzuri, kwa hiyo siwezi kuipa oili sifa zote. Napima kila Jumapili kabla sijawasha, gari ikiwa juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa. Kwa kilomita 4,000 kijiti kinashuka kama nusu ya kati ya alama mbili, yaani karibu nusu lita. Moshi wa Mombo umepungua, haujaisha. Nilikuwa na matumaini kuwa ile dawa ya sili itaumaliza, haikuumaliza. Sili za valvu zinasubiri nipate hela.

Jirani yangu mwenye Toyota IST aliposikia akataka kuniiga. Nilimzuia. Injini yake ni ya VVT-i, inatumia presha ya oili kusogeza kamshafti kupitia vijitundu vyembamba, na haili hata tone. Aongeze uzito wa nini? Abaki na namba ya kitabu chake.

Naipa nyota nne. Ya tano imekwenda na bei. Oili iliyobaki kwenye dumu iko kwenye buti, nimeiviringisha kiroba isije ikachafua karoti za watu.